Je, wajua kwa nini mtoto wa miezi minane huwalilia wageni?

Kwa muda mrefu niliamini ni kudeka. Mtoto anayelia akishikwa na mtu mwingine, nilisema, amezoeshwa mama tu, na dawa yake ni kupitishwa mikono mingi.

Wangu alipofikisha miezi minane, mama mkwe alikuja kutoka Tanga. Mtoto akajibandika kifuani mwangu, akalia hadi sauti ikakauka. "Mjukuu wangu ananikataa?" mama akauliza kwa upole. Kwa aibu nikambandua, nikamkabidhi, nikaenda jikoni ili azoee.

Nilikosea. Hofu hii huanza kati ya miezi 6 na 8 kwa watoto wengi, na hufifia polepole baada ya mwaka wa kwanza. Si waliofungiwa ndani tu wanaoipata. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyewafuatilia watoto wa Kiganda vijijini karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, aliikuta kwao pia, na hao walikuwa watoto wa nyumba zenye watu. Wala kilio si ushahidi kwamba mgeni ana roho mbaya, kama wengine wanavyonong'ona. Bibi anayempenda kuliko wote anaweza kuliliwa vilevile. Kilichobadilika ni akili ya mtoto. Sauti ya mama aliijua tangu mapema, lakini sasa anaweza kuulinganisha uso ulio mbele yake na nyuso anazozikumbuka, na kugundua kwamba huu haumo. Kile kilio ni dalili ya kukua.

Asipomjua mtu, afanyeje? Hutazama uso wa mzazi. Fikiria abiria aliyepanda daladala ya njia asiyoijua. Gari linagonga shimo, chuma kinalia. Yeye hajui kama ni hatari, kwa hiyo anamtazama konda. Konda akiendelea kukusanya nauli, abiria anatulia. Konda akishika nguzo kwa mikono miwili, moyo unampasuka. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo ambayo upande mmoja ulionekana kama una shimo chini. Mama alipotabasamu, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya 17 hakuvuka hata mmoja. Lile lilikuwa shimo, si mgeni, kwa hiyo nisilivute kupita kiasi. Lakini mimi siku ile nilimpa mwanangu uso wa aibu, kisha nikamwondolea hata huo uso.

Kwa hiyo mpakate. Msalimie mgeni kwa furaha ya kweli, mzungumze kwanza ninyi wawili. Mgeni akae chini, asimkazie macho wala kunyoosha mikono. Ukitaka kutoka, muage mtoto, usinyemelee. Wapo watakaozoea kwa dakika kumi na wapo watakaohitaji siku kadhaa, maana watoto hawazaliwi na tabia moja.

Siku ya tatu mama mkwe alikaa mkekani akichambua mchele, nami kando yake, tukipiga soga. Hakumtazama mtoto. Baada ya kitambo mwanangu akatambaa, akanigeukia, nikatabasamu, akautia mkono kwenye ungo. Jioni alikubali kupakatwa na bibi yake. Asubuhi alilia tena, lakini kidogo.