Panga bakapu ukifikiria siku ya kurejesha

Msimu wa korosho ukikaribia, simu ninazopokea hapa Mtwara huanza kufanana. Vyama vya msingi, maghala, hata wenye maduka ya pembejeo, wote wanataka nikawapangie bakapu, yaani nakala za akiba za data zao, kabla mzigo haujaanza kuingia mwezi wa kumi. Wao huanza na nafasi: diski ya ukubwa gani itatosha? Mimi huanza na jingine. Kompyuta kubwa ikifa Ijumaa saa nne asubuhi, wakulima wako foleni na mizani inasubiri, mnaweza kukaa muda gani bila mfumo? Jibu la hapo ndilo linaloniambia ni bakapu ya aina gani.

Aina ni tatu. Nakala kamili haina fumbo: inabeba kila kitu, kiwe kimebadilika au la. Nakala ya tofauti inabeba yote yaliyobadilika tangu nakala kamili ya mwisho. Nakala ya nyongeza inabeba yale tu yaliyobadilika tangu bakapu iliyotangulia, hata kama hiyo iliyotangulia nayo ni ya nyongeza.

Tuseme ofisi ina data ya GB 100, na kila siku zinabadilika GB 3 mpya. Jumapili usiku unachukua nakala kamili. Ukitumia nyongeza, kila usiku unaandika GB 3, na kufikia Ijumaa usiku umetumia GB 15 juu ya zile 100. Ukitumia tofauti, Jumatatu ni GB 3, Jumanne 6, Jumatano 9, Alhamisi 12, Ijumaa 15. Jumla GB 45. Kwa hesabu ya diski, nyongeza imeshinda, na ndiyo sababu wauzaji wa programu huipigia debe. Sasa geuza hesabu. Jumamosi asubuhi mashine imekufa. Mwenye tofauti anahitaji vitu viwili: nakala kamili ya Jumapili na tofauti ya Ijumaa. Mwenye nyongeza anahitaji sita, kwa mpangilio uleule zilivyochukuliwa, na zote ziwe nzima.

Ya Jumatano ikiwa imeharibika kwa sababu umeme ulikatika diski ikiandika, za Alhamisi na Ijumaa zipo, zinaonekana, na hazikusaidii. Ni kama mvua za Mei 2024 zilipokata barabara ya kutoka Dar es Salaam eneo la Somanga: Lindi na Mtwara zilikuwa palepale. Tatizo ni kwamba gari halifiki. Data yako inarudi hadi Jumanne, basi. Mwenye tofauti, ya Jumatano ikiharibika wala hashtuki, mradi ya Ijumaa inafunguka.

Kwa hiyo kwa ofisi ndogo za huku, ambako umeme hauna adabu na anayerejesha mara nyingi ni karani ninayemwelekeza kwa simu nikiwa Masasi au Nachingwea, napanga kamili kwa wiki na tofauti kila usiku. Nyongeza naiacha kwa wenye data nyingi na programu inayokagua yenyewe kama mnyororo wa nakala ni mzima. Ila msimu ukichanganya, tofauti hunenepa haraka, maana orodha za wakulima, uzito na malipo hubadilika kutwa. Hapo naongeza nakala kamili ya katikati ya wiki. Mwezi wa nne, ofisi zikiwa kimya, wala haihitajiki.

Kwenye mafaili ya kawaida ya Windows, kinachotenganisha aina hizi ni alama ndogo ambayo kila faili huwekewa linapobadilishwa. Nyongeza hunakili kisha hufuta alama. Tofauti hunakili na kuiacha. Anayetumia Robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, ataona hilo kwa herufi moja tu: /M hufuta alama, /A haigusi. Nimekuta ofisi inaamini ina tofauti kumbe inachukua nyongeza, na folda za kila usiku inafuta ikibakiza ya mwisho. Jamani.

Kuna mtego mwingine kwa wanaotumia SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, na huu unawapata hata mafundi wazoefu. Tofauti hushikamana na nakala kamili ya karibuni zaidi, yoyote ile. Fundi mwingine akija Jumatano, akachukua nakala kamili kwenye flashi yake "ya kuangalia kitu" na kuondoka nayo, tofauti za Jumatano usiku na kuendelea zinaitegemea flashi hiyo. Ya Jumapili haitakubaliana nazo. Dawa ipo: anayechukua nakala ya pembeni atumie chaguo la COPY_ONLY, lisilovuruga mpangilio. Na wakati wa kurejesha, nakala kamili irudishwe kwa chaguo la NORECOVERY ili hifadhidata ibaki imefungwa ikisubiri tofauti. Ukiifungua mapema, tofauti itakataliwa na utaanza upya.

Wengine huniambia, "Kaka, yetu iko mtandaoni, haina shida." Kuwa nayo huko ni vizuri, hasa moto au mwizi akipita. Lakini GB 100 kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde ni kama saa 22 za kushusha, laini isipoyumba. Diski ya nje ya kawaida, kwa megabaiti 100 kwa sekunde, inamaliza kwa takriban dakika 17, au zaidi kama mafaili ni madogo na mengi. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya nchi nzima ilidorora. Weka nakala ya karibu pia, ila diski ichomolewe kazi ikiisha. Virusi vya kufunga mafaili havibagui diski iliyochomekwa.

Siku yenyewe ikifika, rejesha kwenye diski nyingine, usiandike juu ya ile iliyokufa. Kamili kwanza, kisha tofauti. Kama ulikuwa unanakili mafaili tu, tegemea yaliyofutwa katikati ya wiki kufufuka, kwa kuwa nakala ya Jumapili bado inayo. Orodha ya zamani ya wakulima inaweza kurudi na kukaa jirani na mpya. Linganisha jumla ya kilo na stakabadhi za karatasi, ingiza kwa mkono zile zilizoandikwa baada ya bakapu ya mwisho, halafu chukua nakala kamili mpya kabla foleni haijafunguliwa.