Ramani ya wote si ramani ya ovyo

Wengi bado huamini kwamba ramani inayoweza kuhaririwa na yeyote haiaminiki. OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni ya aina hiyo iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ina ulinzi wake: kila badiliko huhifadhiwa pamoja na tarehe na akaunti iliyolifanya, na likiwa baya hufutwa, hali ya awali ikarudi. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora mitaro, njia na nyumba kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko. Nani aujue mtaro ulioziba Tandale kuliko anayeuruka kila asubuhi? Makosa yapo, sikatai. Ila ramani rasmi nazo huchakaa, na mkazi hana pa kubofya azirekebishe.