Plani Marshall ni nini? Haikukuwa kugawa unga

Hapa Goma kila mara vita ikipoa kidogo utasikia mutu ku redio anasema "inatufaa Plani Marshall", na batu banaitika, lakini umuulize ni nini atakuambia ni bazungu kuleta makuta mingi. Hapana.

Jina ni ya George Marshall, alikuwa waziri wa mambo ya inje wa Marekani, wazo aliitoa ku Harvard Juni 1947, Ulaya ikiwa imebomoka, batu na njaa, na Marekani inaogopa bakomunisti batashika huko (tusidanganyane, haikukuwa huruma tupu). Rais wao Truman akasaini sheria Aprili 1948, na kwa miaka ine hivi dola karibu miliari 13 zikatoka, nyingi zawadi si deni. Hata Ubeljiji ilipata, ile ile yenye ilikuwa inatutawala.

Sasa utamu yenyewe iko hapa. Mulimaji wa Ufaransa anataka trakta ya Marekani, franka iko nayo, dola hana, na franka yake kule haina kazi. Marekani inalipa mwenye trakta kwa dola, trakta inapanda meli, mulimaji akiipokea analipa franka yake palepale kwao. Zile franka hazivuki bahari, zinaingia konti ya pekee ku banki kuu, Marekani inachukuapo kidogo tu, zingine leta (serikali ya kule) inajenga nazo umeme, reli, migodi ya makaa, lakini paka Marekani ikubali. Dola moja imefanya kazi mara mbili. Uingereza yenyewe ilipendelea kupunguza nazo deni. Bajerumani ndio balinifurahisha, balifungua banki inaitwa KfW ku Frankfurt 1948, ikakopesha ile pesa, ikirudi anakopeshwa mwingine, na hiyo banki iko mpaka leo.

Linganisha na muzigo ya chukudu (ile kinga ya mbao ya kusukuma mizigo hapa kwetu): gunia ya unga ya musaada imeandikwa "haiuzwi" inasukumwa soko ya Virunga kuuzwa. Mama ananunua, franka yake inaingia mu mufuko ya nani? Konti hakuna.

Ila kuna kitu batu banasahau, Ulaya ilikuwa na mafundi, ilikuwa na leta, makaratasi ya mashamba, yote iko, ilikosa dola tu. Sisi dola tunalipa nayo mpaka kodi ya nyumba, ni ile ingine yote ndio tunatafuta.