Je, wajua kwa nini mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kufanya kazi lakini anakatazwa kwenda baharini?

Ukishuka pwani ya Tanga alfajiri, iwe ni Sahare, Kigombe au Kipumbwi, hukosi kuona watoto miongoni mwa watu wanaopokea vyombo: mmoja anapara samaki, mwingine amejitwisha ndoo ya dagaa, na pengine wa tatu anateremka kutoka kwenye mashua akiwa ameloa chapachapa, kwa kuwa usiku kucha yeye ndiye aliyekuwa akifua maji ngamani, yaani akiyachota maji yanayojikusanya chini ndani ya chombo na kuyamwaga nje. Kwa mpita njia, wote watatu wanasaidia wazazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, haiwatazami kwa jicho moja.

Sheria hiyo inasema kwamba mtoto ni mtu yeyote mwenye umri wa chini ya miaka 18, lakini haikumfungia milango yote ya kazi. Kuanzia miaka 14 inamruhusu kufanya kazi nyepesi, yaani kazi isiyodhuru afya wala makuzi yake, isiyomzuia kuhudhuria shule, na isiyompunguzia uwezo wa kunufaika na masomo. Sharti hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtoto aliyepara samaki tangu alfajiri, kisha akaenda kusinzia darasani, jina lake litawekewa alama ya kuhudhuria ilhali hakuambulia somo.

Kazi za hatari ni suala jingine. Hizo ni marufuku kwa mtoto yeyote, hata awe na miaka 17, na miongoni mwa zilizotajwa kwa jina ni kwenda baharini, uchimbaji wa madini, ubebaji wa mizigo mizito, na kazi katika baa na hoteli. Kwa hiyo yule wa ndoo ya dagaa hali yake inategemea uzito wa ndoo. Yule wa mashua hana utetezi wa namna hiyo.

Kwa nini bahari itajwe kwa jina? Nionavyo mimi, jibu limo katika umbali. Mtoto anayechoka sokoni anaweza kutua mzigo akarudi nyumbani, au jirani akamwona na kuuliza, lakini chombo kikishaacha pwani hakuna pa kuondokea, hakuna shahidi, na neno la nahodha ndilo la mwisho. Tena dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, wakati sheria hiyohiyo inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Wazee wa pwani watauliza, na kwa haki: mtoto atajifunza lini uvuvi kwa baba yake? Swali hilo si geni. Mwaka 1920, Shirika la Kazi Duniani lilipokutana Genoa na kupitisha mkataba wa umri wa kufanya kazi baharini, liliwazuia walio chini ya miaka 14, isipokuwa katika vyombo vinavyofanyiwa kazi na watu wa familia moja tu. Mkataba wa mwaka 1973, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1998, uliweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kazi za hatari. Orodha ya sheria yetu nayo inataja kwenda baharini bila kuuliza mashua ni ya nani. Nafasi iliyoachwa ni ya chombo cha mafunzo, na ngalawa ya baba, hata awe fundi kiasi gani, haiingii humo kirahisi.

Mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa anawajibika kisheria kuifikisha kwa serikali ya mtaa au kijiji, ambako afisa ustawi wa jamii huitwa, au anaweza kupiga simu namba 116. Pwani, wa kwanza kuwa na taarifa hiyo ni wanunuzi wanaosubiri ufukweni, maana wao ndio wanaohesabu vichwa vinavyoteremka kabla ya kuhesabu ndoo.