Dawa za kupaka kwa choo kinachovuja: zinabana nini hasa?

Kuna mtu ambaye choo humtoka bila kuhisi, akaja kukiona kwenye nguo ya ndani. Na kuna anayebanwa ghafla asiwahi msalani. Dawa za kupaka zenye kubana zinamlenga yule wa kwanza tu. Msuli wa ndani wa njia ya haja kubwa hujibana wenyewe saa zote, hata usingizini. Wa nje tunaubana kwa hiari, na dawa hizi haziusaidii.

Jeli iliyochunguzwa zaidi ni fenilefrini ya asilimia 10. Kwa watu wenye afya hupandisha mbano wa msuli wa ndani kwa saa kadhaa. Kwa wagonjwa matokeo ni hafifu: jaribio la hospitali ya St Mark's, London, lililochapishwa mwaka 2000, halikuonyesha nafuu ya wazi kwa kundi zima, ingawa msuli wao haukuwa umechanika. Walioonyesha nafuu zaidi ni baadhi ya walioondolewa utumbo mpana wakatengenezewa kifuko cha ndani cha kuhifadhi choo. Kwa hiyo mimi siiweki mwanzoni.

Daktari akiiandika, hupakwa kiasi cha punje ya njegere, kwa glavu, kuzunguka tundu na kidogo kwa ndani, kisha mikono ioshwe, maana ikigusa jicho mboni hupanuka. Ngozi ikiwaka, acha. Mwenye presha isiyodhibitiwa au ugonjwa wa moyo asiiguse. Na usidhani krimu ya bawasiri ni mbadala: nyingi zenye fenilefrini zina asilimia 0.25, yaani sehemu moja ya arobaini. Dawa za mpasuko wa njia ya haja kubwa, kama diltiazemu, ndiyo kinyume kabisa. Hulegeza msuli na zinaweza kuzidisha uvujaji.

Kwa wengi, mafuta ya zinki yana faida iliyo wazi zaidi: hayazuii choo, yanaokoa ngozi. Osha kwa maji ya vuguvugu, kausha kwa kugusagusa, paka utando mwembamba. Ukipaka nene, mafuta huziba pedi isinyonye. Safari inayofuata futa tabaka lililochafuka tu; kusugua mpaka zinki yote iishe ndiko kunakochubua.

Kabla ya yote hayo, daktari apime kwa kidole. Kwa wazee hasa, choo kigumu kilichokwama juu hupitisha majimaji pembeni, ikaonekana kama kuhara. Hapo tiba ni kukitoa hicho kilichokwama, na loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara, itakikwamisha zaidi.