Potaji: safari ambayo msafiri hubeba chombo chake

Mtu aliyekulia Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, akisikia habari za safari ya mtumbwi ya siku nyingi hufikiria kupiga kasia: kuondoka alfajiri kabla upepo haujaanza, kufuata ufuo chini ya Milima ya Livingstone, na jioni kuuvuta mtumbwi mchangani. Picha hiyo inalifaa ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550. Ipo hata hivyo safari ya namna nyingine, ambayo maji huishia msituni mara kadhaa kwa siku, na kila yanapoishia msafiri huutoa mtumbwi majini, huubeba pamoja na mizigo yake yote hadi ziwa linalofuata, kisha huendelea kupiga kasia. Kubeba huko ndiko kunakoitwa potaji. Neno limetokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kubeba, nalo hutaja mambo mawili kwa pamoja, yaani kitendo chenyewe na njia ya miguu inayotumika, ndiyo maana wasafiri husema wamefanya potaji nne leo, au kwamba potaji ya pili ilikuwa na matope. Kiswahili kina neno la karibu sana, upagazi, na kwa maoni yangu mtu akisema "upagazi wa mtumbwi" ataeleweka bila shida.

Dhana hii imezaliwa na sura ya nchi. Katika Kanada na kaskazini ya jimbo la Minnesota huko Marekani, barafu nene ya zama za kale ilikwangua mwamba mgumu na kuacha mabonde mengi yaliyojaa maji, yakitenganishwa na vipande vifupi vya msitu. Eneo la hifadhi liitwalo Boundary Waters, kwenye mpaka wa nchi hizo mbili, lina zaidi ya maziwa 1,000, na huko mtu anaweza kusafiri wiki nzima akitoka ziwa hadi ziwa na kulala kwenye hema kila usiku. Urefu wa njia za potaji hupimwa kwa kipimo cha kale kiitwacho rodi, ambacho ni kama mita 5, takriban urefu wa mtumbwi mmoja.

Nyanda zetu za juu kusini zina maziwa mazuri, lakini yalizaliwa kwa njia nyingine. Ngosi limekaa ndani ya kreta ya volkano, na anayetaka kuyafikia maji yake hana budi kushuka ukuta mkali wa msitu. Masoko na Kisiba nayo ni ya kreta, kila moja peke yake. Na Nyasa limo katika Bonde la Ufa. Hakuna mnyororo wa maziwa yanayokaribiana. Mito nayo, kama Kiwira unaopita chini ya Daraja la Mungu, huteremka kwa kasi kwenye miamba kiasi kwamba safari ya kuifuata ingekuwa ya kubeba zaidi kuliko ya kupiga kasia.

Jambo la pili ni uzito wa chombo. Mtumbwi wa Kyela uliochongwa kwa gogo moja ni imara na hudumu, lakini kuubeba kilomita moja msituni ni kazi ya kundi la watu. Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hiyo ya maziwa huko Amerika Kaskazini, na majirani zao walitengeneza mitumbwi ya magome ya mti uitwao betula, yaliyoshonwa kwa mizizi na kuzibwa kwa utomvu, myepesi kiasi cha kubebeka na kurekebishwa njiani. Siku hizi mtumbwi wa watu wawili uliotengenezwa kwa nyuzi za Kevlar unaweza kuwa na kilo 20 tu.

Ubebaji wake una ufundi. Msafiri huinama magotini, huuvuta mtumbwi ukingoni mpaka ukae juu ya mapaja, kisha kwa mkupuo mmoja huugeuza juu chini hadi nira, ule mti wa katikati uliochongwa au kuwekewa mito, itulie mabegani. Ncha ya mbele huinuliwa kidogo, kwa sababu kichwa kimo ndani ya mtumbwi na macho huona hatua chache tu za njia. Mama anayebeba chungu kutoka mnadani Lyulilo, juu ya ngata iliyokazwa vizuri, anaijua kanuni hiyo: uzito ukikaa katikati, shingo haichoki upesi.

Hesabu ya mizigo ndiyo inayowachosha wageni. Mizigo ikihitaji kubebwa kwa awamu mbili, njia ya kilomita moja inakuwa kilomita tatu za kutembea, kwani msafiri huenda na mzigo, hurudi mikono mitupu, huenda tena. Kwa hiyo wenye uzoefu hupunguza vitu kabla ya kuondoka nyumbani. Wapagazi wa biashara ya manyoya ya huko Amerika Kaskazini katika karne ya 18 hawakuwa na uchaguzi huo: kwenye Grand Portage, njia ya karibu kilomita 14 inayokwepa maporomoko ya Mto Pigeon, kila mmoja kwa kawaida alibeba marobota mawili ya kilo 41 kila moja, yakishikiliwa na mkanda uliopita kwenye paji la uso.

Ziwa Nyasa lenyewe limewahi kupokea chombo kilichofika kwa potaji. Mwaka 1875 meli ndogo ya mvuke iitwayo Ilala ilifunguliwa vipande vipande, ikabebwa na mamia ya wapagazi Waafrika kando ya maporomoko ya Mto Shire, kisha ikaunganishwa upya na kuingia ziwani. Hiyo ni potaji kamili, kwa kuwa chombo kilitoka majini, kikapita nchi kavu na kurudi majini ili safari iendelee. Kuuburuta mtumbwi ufukweni jioni si potaji, wala kuuongoza kwa kamba kwenye mkondo mkali huku wewe ukitembea ukingoni, kwa sababu hapo maji bado ndiyo yanayoubeba.