Mteremko wenye Msuguano Hauna Huruma Mnayoidhania

Bado nasikia, darasani na kwenye maegesho ya malori, kwamba mteremko hupunguza kani (nguvu ya kuvuta au kusukuma, hupimwa kwa nyutoni) huku kazi (kani mara umbali, hupimwa kwa juli) ikibaki ileile. Kauli hiyo ni kweli pale tu pasipo na msuguano, na hakuna kuli aliyewahi kupakia mzigo mahali pa namna hiyo.

Chukua kasha la mbao la kilo 100, sakafu ya lori iliyo mita 1.2 kutoka ardhini, ubao wa mita 2, na kizigeu cha msuguano cha 0.5, yaani msuguano ni nusu ya kani inayoligandamiza kasha kwenye ubao. Uzito ni nyutoni 981. Ukilivuta kasha sambamba na ubao, uvutano unadai 0.6 ya uzito huo (kimo 1.2 kwa urefu 2) na msuguano unadai 0.4 (nusu ya 0.8 ya uzito, sehemu inayougandamiza ubao), kwa hiyo unavuta nyutoni 981 kamili, sawa na kulinyanyua wima, huku kazi ikipanda kutoka juli 1,177 hadi 1,962. Ubao wa mita 4 hushusha kani hadi nyutoni 762, lakini kazi hufika takriban juli 3,050. Urefushe ubao utakavyo, kani haitapungua chini ya nyutoni 490, kwa kuwa kiasi hicho kinahitajika kulikokota kasha hata kwenye sakafu tambarare.

Kinachonikera hasa ni hoja inayofuata: mbona kasha huwa jepesi nikilishikilia katikati ya ubao? Huwa jepesi kwa sababu msuguano hupinga mwendo unaotaka kutokea. Unapolizuia lisiteleze, msuguano unakusaidia, na nyutoni 196 zinatosha; unapolivuta kwenda juu, msuguano huohuo unageuka kukupinga, nawe unahitaji 981, ingawa kasha ni lilelile na ubao ni uleule. Ukilisukuma kwa mlalo unaligandamiza zaidi kwenye ubao, na kani inakuwa mara mbili ya uzito wake.

Hiyo 0.5 ni makadirio, na vitabu huiandika kana kwamba haibadiliki. Mbao zikilowa, zikiingia vumbi au zikilainika kwa kutumika, kizigeu hubadilika. Tena kulianzisha kasha hudai kani kubwa kuliko kuliendeleza. Pima mwenyewe: inua ncha ya ubao polepole mpaka kasha lianze kuteleza, kisha gawanya kimo cha ncha hiyo kwa umbali wa mlalo; jibu ndilo kizigeu cha kulianzisha kasha.

Kabla ya kutafuta ubao mrefu, tafuta vipande vya bomba vya kuweka chini ya kasha. Kizigeu kikishuka hadi 0.05, ubao uleule wa mita 2 utadai nyutoni 628, na kazi itakuwa juli 1,256.